Mama Waya na Rimoti ya Chumba Namba Sita

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti, saa kumi alasiri, fundi wetu wa vifaa vya umeme atafunga kabati lake la zana na kukabidhi ufunguo. Siku hiyo atakuwa amekitumikia kituo hiki cha tiba na mazoezi ya viungo kwa miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Alipoajiriwa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye bisibisi mfukoni, wauguzi wakamwita Dada Waya. Alipojifungua akawa Mama Waya. Tangu binti yake naye apate mtoto, mwaka juzi, wapo wanaomwita Bibi Waya, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa ameshika chuma cha kulehemu.

Alianza kama msaidizi wa stoo. Kazi yake ya kwanza ilihusu kengele za vitandani, zile ambazo mgonjwa hubonyeza ili muuguzi aje. Zilikuwa arobaini na mbili, na zilizolia zilikuwa kumi na tisa. Fundi mkuu wa wakati huo alimpa kitambaa na chupa ya spiriti, akamwagiza afute vumbi. Alifuta vumbi, kisha akazifungua moja baada ya nyingine. Mwisho wa mwezi zote zililia, na wauguzi waliokuwa wamezoea utulivu wakaenda ofisini kumshtaki.

Idara nyingine zinamjua zaidi kwa fomu. Mama Waya hagusi kifaa cha mgonjwa bila fomu ya kazi iliyosainiwa. Wengi hudhani ni ukaidi, lakini jambo hilo lina historia yake. Katika mwaka wake wa tatu, fundi mwenzake alifungua mashine ya kunyonya makohozi bila kumwambia mtu, akatoka kwenda kunywa chai, na muuguzi akaichukua mbio kumpelekea mgonjwa ikiwa nusu tu. Mgonjwa alipona, lakini Mama Waya aliuona uso wa yule muuguzi. Tangu siku hiyo ikawa fomu kwanza, bisibisi baadaye.

Mkurugenzi aliyepita aliujua vizuri msimamo huo. Lifti ilipokwama naye akiwa ndani, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, Mama Waya alipiga magoti nje ya mlango, akamwomba akae chini apumue, akamweleza kuwa fundi wa lifti yuko njiani. Kisha, kwa kuwa walikuwa na muda, alimpitishia kwenye upenyo wa mlango nakala ya fomu ya kuomba mota mpya ya lifti, iliyokuwa imelala mezani kwa mkurugenzi huyo tangu mwaka uliotangulia. Mkurugenzi aliisaini akiwa ameketi sakafuni. Kalamu nayo ilipitia upenyo huohuo.

Amefundisha mafundi tisa. Wawili kati yao leo ni wakuu wa karakana katika vituo vingine, na mmoja ni mkuu wa karakana hii. Huyo ni mimi. Nilikuja miaka kumi na minne iliyopita nikiwa na cheti kizuri na mikono isiyojua kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa mota kabla ya kuifungua, na kumuuliza mtumiaji wa kifaa kabla ya kuuliza kifaa chenyewe. Nafasi ya mkuu ilipotangazwa aliomba yeye, nikaomba na mimi. Cheti changu kilikuwa na mhuri wa chuo kikubwa zaidi, nikapewa. Asubuhi ya kwanza alinikabidhi funguo, akanipa mkono, akasema kuanzia siku hiyo saa za kazi nitakuwa bosi, na saa ya chai nitabaki kuwa mdogo wake. Alilishika neno hilo. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilijua nafasi ile ilikuwa ya nani.

Wasifu wa mstaafu si mahali pa kuungama. Lakini nikiiruka habari ya chumba namba sita nitakuwa nimeandika juu ya mtu mwingine, kwa hiyo wasomaji wanivumilie.

Miaka sita iliyopita alilazwa humo mwalimu wa jiografia. Alikuwa amepanda ngazi darasani kutundika ramani, ngazi ikateleza, akaanguka na kuumia shingo. Kilichobaki kikimtii ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Akili yake ilikuwa timamu, na ulimi wake haukumwacha salama muuguzi aliyekosea kutaja mji mkuu wa nchi yoyote ile duniani. Wodi yenyewe ilikuwa imetoka kukarabatiwa kwa msaada wa wafadhili, na kila chumba kilikuwa na televisheni, feni ya darini, pazia la mota na taa ya kitandani. Kila kimoja kilikuja na rimoti yake. Zikawa rimoti nne mezani kwa mtu mwenye kidole gumba kimoja. Muuguzi akimwekea moja mkononi, zile nyingine tatu ni kama ziko nyumba ya jirani.

Mume wake ni fundi cherehani. Alidunduliza akanunua rimoti moja kubwa ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa inatawala kila chombo cha nyumbani. Aliiweka mkononi mwa mkewe, televisheni ikawaka, wakatazamana kwa furaha. Wakajaribu feni, kimya. Pazia, kimya. Taa, kimya. Mzee wa watu alibadilisha betri. Akasoma karatasi ya maelekezo mpaka upande wa nyuma, ulioandikwa kwa lugha asizozijua. Mwishowe akamwita Mama Waya, aliyekuwa akipita kwenye korido na ngazi yake.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyenisimulia yaliyosemwa humo. Mama Waya aliigeuza rimoti ile, akatazama kioo chake cheusi cha mbele, akacheka kwa upole.

"Shemeji," alimwambia, "hii inaongea kwa mwanga ambao sisi hatuuoni. Televisheni ina jicho, inaona. Feni, pazia na taa havina macho, vina masikio tu, vinasikia redio. Hapa unamkonyeza mtu aliye nyuma ya ukuta."

Mwalimu alicheka mpaka muuguzi akaja kumfuta machozi, maana mwenyewe asingeweza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu alazwe. Mama Waya aliwaeleza kuwa kinachohitajika ni mtu wa kukaa katikati, mwenye jicho la kuona ule ukonyezo na mdomo wa kupiga kelele upande wa pili. Mtu huyo anaweza kutengenezwa. Siku hiyohiyo alijaza fomu.

Fomu ikaja mezani kwangu. Iliandikwa kwa mwandiko wake wa herufi za kusimama: kuunganisha vifaa vya chumba namba sita na rimoti moja ili mgonjwa ajihudumie. Wiki hiyo tulikuwa na ukaguzi wa lifti, na jenereta lilikuwa linavuja mafuta. Niliisoma harakaharaka, nikamwona mgonjwa anayetaka kubadilisha chaneli bila kusumbuka. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Starehe. Isubiri." Sikuwa nimekanyaga chumba hicho hata siku moja.

Baada ya miezi miwili alileta fomu ya pili. Mwezi wa tano tangu ile ya kwanza akaleta ya tatu. Hakuja juu, wala hakunisema kwa wenzetu. Mara hiyo ya tatu alikaa kitini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaniuliza kama nimewahi kwenda kumwona yule mwalimu. Nilimjibu nitapita. Nilidhani nasema kweli. Lakini likaja hili, likaja lile, na korido ile haikuwa njia yangu ya kwenda popote.

Saa za chakula cha mchana alikuwa akikaa peke yake kwenye benchi la nyuma, akiokota vipande kutoka kwenye vifaa vibovu. Kutoka televisheni iliyopasuka kioo alitoa lile jicho linalopokea mwanga. Alijaribu mambo yake juu ya meza, na juu ya meza yalifanya kazi. Mimi nilimwona. Nilipita nikamtania kuwa anajenga setilaiti. Lakini kufungua feni na rimoti za mgonjwa bila saini, hilo hakulifanya.

Mwezi wa nane tangu fomu ya kwanza, akaja yule fundi cherehani ofisini kwangu. Alikuwa na ile rimoti ndani ya mfuko wa nguo za wateja. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, lakini alinisalimu kwa adabu ambayo sikuistahili.

"Sikuja kulalamika, mheshimiwa," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Hii niirudishe dukani, au niendelee kusubiri?"

Nikasaini. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na mkutano saa nne, na nilitaka aondoke ameridhika.

Mama Waya alihitaji siku tisa. Alichukua kasha la plastiki la kuwekea sabuni, akatoboa tundu mbele kwa ajili ya lile jicho. Ndani akaweka kibao kidogo cha kutambua ni kitufe gani kimebonyezwa, na pembeni yake akapanga matumbo ya zile rimoti tatu za redio, kila kitufe kimelehemiwa nyaya mbili. Mwalimu akibonyeza rimoti kubwa, mwanga unaingia kwenye jicho, kibao kinatambua, kisha kinagusisha nyaya za rimoti ya redio kana kwamba kuna kidole kimeibonyeza. Ile rimoti kubwa ilikuwa na sehemu ya kuendeshea deki ya kanda, na kwa kuwa deki haikuwepo chumbani, vitufe vyake vyote vilikuwa huru kupewa kazi nyingine. Kwanza alitaka kunakili mawimbi yenyewe ili asitumie rimoti za asili. Feni na taa zilikubali. Pazia lilikataa, kwa sababu rimoti yake hubadilisha namba ya siri kila inapobonyezwa. Akaona heri kuziweka zote zilivyo ndani ya kasha, asianze kubishana na pazia.

Siku ya kwanza ya majaribio, feni ya chumba namba sita ilizima, na ya chumba namba saba ikazima, na ya nane pia. Katika chumba namba saba kulikuwa na fundi bomba mstaafu aliyekuwa akipona nyonga. Alimwita muuguzi na kumwarifu kwamba chumba kina jini mwenye kubana matumizi. Ilibainika kuwa feni zote za wodi zilifungwa zikiwa na namba ileile ya redio, ila hadi hapo wauguzi walikuwa wakiziwasha na kuzizima kwa swichi za ukutani. Mama Waya alipanda ngazi, akafungua kifuniko cha feni ya namba sita, akabadilisha swichi nne ndogo za ndani, akafanya vivyo hivyo kwenye rimoti yake, na jini akahama.

Siku ya tano kasha liligoma kila taa ya tyubu ilipowashwa. Mwanga wa tyubu ulikuwa unalitia lile jicho kiwi. Alilihamishia chini ya rafu, akalitengenezea ukingo wa karatasi nyeusi, likatulia. Halafu likabaki tatizo la kidole gumba chenyewe. Vitufe vya rimoti vilikuwa vidogo na vinafanana, na Mwalimu hakuweza kuinua kichwa aone anabonyeza kipi. Hapo ndipo fundi cherehani alipoingia kazini. Alileta bati la vifungo, wakachagua pamoja: kifungo cha koti chenye matundu manne kwa pazia, kifungo kidogo cha shati kwa feni, kile cha kuvikwa kitambaa kwa taa. Mama Waya akavibandika kwa gundi juu ya vitufe. Mwalimu akaishia kuyajua mambo ya chumba chake kwa kupapasa, kama fundi anavyojua nguo gizani.

Asubuhi ya siku ya tisa nilikwenda kusaini kwamba kazi imekamilika. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba namba sita. Walikuwepo Mwalimu, mumewe, muuguzi wa zamu na Mama Waya. Pazia lilikuwa limefungwa, feni inazunguka kwa kasi. Mwalimu alipapasa kidogo, akabonyeza. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mama Waya alidhani kasha limekosea, akanyoosha mkono kulichukua.

"Liache," Mwalimu alisema. "Ni mimi nimeizima. Nasikia baridi tangu mvua zianze."

Mvua zilikuwa na miezi mitatu. Muuguzi alimuuliza, kwa sauti ya chini, mbona hakusema.

"Nilisema. Mtu anaizima, zamu inabadilika, anaingia mwingine anaona joto, anaiwasha. Mara ya nne niliona kila mtu ana kazi zake. Nikaacha."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja urefu wa mto. Kisha akapapasa tena, akapata kifungo cha koti, pazia likaanza kufunguka. Alilisimamisha katikati, akalirudisha kidogo, akalifungua lote. Nje hapakuwa na cha kuona: ukuta wa jiko, kamba ya kuanikia mashuka, na mfanyakazi wa dobi akikung'uta foronya. Mwalimu alitazama kwa muda mrefu. Nilisimama pale na ile fomu ya kwanza mkononi, na lile neno "starehe" likiwa juu yake kwa mwandiko wangu. Mama Waya aliliona. Aliichukua fomu ile, akaigeuza, akaniwekea sehemu ya saini juu. Nikasaini.

Miezi miwili baadaye Mwalimu aliruhusiwa kwenda nyumbani. Madaktari walikuwa wamesema haiwezekani, kwa sababu mumewe hushona mchana kutwa na hakuna wa kukaa naye. Ikawezekana. Kasha lilihamia naye, likaongezewa kengele ya kumwita mume kutoka chumba cha cherehani, na kila mwisho wa mwezi Mama Waya alipitia huko, akiwa hayuko kazini, kuangalia betri. Mwalimu aliishi nyumbani kwake, akiamua mwenyewe lini kupambazuke, kwa miaka miwili na miezi minne, kisha akafariki. Mazishini nilijikuta nikijumlisha. Ukiongeza ile miezi minane ya kusubiri saini yangu, ingekuwa miaka mitatu kamili.

Leo vyumba kumi na vinne vya kituo hiki vina kasha kama lile. Wageni kutoka vituo vingine wamekuja kuyapiga picha. Wameandika katika ripoti zao kwamba kituo kilibuni, kituo kilitengeneza. Kituo hakikubuni kitu. Alibuni mwanamke mmoja, saa ya chakula cha mchana, huku bosi wake akimtania.

Wiki mbili zilizopita nilimfuata kwenye benchi lake. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia miaka sita iliyopita: kwamba nilikosea juu ya fomu zile tatu, na kwamba hata kiti ninachokalia kilikuwa chake. Aliendelea kukaza skrubu mpaka ikafika mwisho, ndipo akaweka bisibisi chini.

"Na mimi nina langu," alisema. "Miaka yote hii sijavunja utaratibu. Ule wa namba sita nilipaswa kuuvunja. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa napita pale kila siku."

Nilijaribu kumwambia kwamba lile halikuwa kosa lake. Alinikatiza kwa mkono. Kisha akaniambia kwamba amenisikia, na kwamba kama nina nia kweli, niliandike jambo hili kwenye kijarida ambako mafundi wapya watalisoma. "Na usilifupishe, mdogo wangu," aliongeza.

Sikulifupisha. Mafundi wapya mnaosoma hapa, fomu ikifika mezani, inukeni kwanza mkamwone mwenyewe kitandani. Kalamu haitakimbia.

Mama Waya anahamia kwa dada yake mkubwa, mjane kama yeye, kwenye nyumba yenye baraza linaloelekea jua la asubuhi. Anasema atalala mpaka saa mbili, atamlea mjukuu siku za Jumamosi, na redio za majirani atazitengeneza kama wataziomba kwa adabu. Kamati imemwandalia zawadi ambayo haitatajwa hapa, kwa sababu kijarida hiki yeye hukisoma kabla hakijakauka wino.

Dada yetu, asante kwa kila kengele iliyolia mtu akaitikiwa. Asante kwa uvumilivu ambao tuliuchukulia kuwa ni tabia yako tu, kumbe ulikuwa unautoa kila siku. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito na siku ndefu kati ya watu wanaokupenda. Tulikuwa na miaka thelathini na moja ya kukwambia haya, tukangoja mpaka wiki ya mwisho. Utuwie radhi, uende salama.